Ubia wa miundomsingi: Kwa nini afisa wa serikali hurudishwa darasani

MINJILA, karibu na Garsen katika Kaunti ya Tana River, ndipo barabara itokayo Malindi hugawanyika. Moja huelekea Hola na Garissa, nyingine hupitia Witu hadi Lamu. Mto unapofurika, kama ilivyotokea mwishoni mwa mwaka wa 2023, safari za Lamu hukatizwa na bei za bidhaa hupanda.

Eneo kama hili lina mahitaji mengi: barabara, maji, masoko, maghala. Fedha za umma hazitoshi, na ndiyo sababu maafisa wa serikali wamekuwa wakihimizwa kujifunza ubia na sekta ya kibinafsi. Je, wanafundishwa nini hasa, na mwananchi ana maslahi gani katika masomo hayo?

Maana ya ubia

Ubia ni mkataba wa muda mrefu ambapo kampuni hutafuta fedha, hujenga na kuendesha huduma ya umma, kisha hujilipa kwa mojawapo ya njia mbili.

Ya kwanza ni tozo kwa mtumiaji, kama ilivyo katika barabara ya juu ya Nairobi yenye urefu wa kilomita 27, iliyojengwa na China Road and Bridge Corporation na kufunguliwa mwaka wa 2022. Ya pili ni malipo ya vipindi kutoka serikalini, iwapo huduma imefikia kiwango kilichokubaliwa. Muda ukiisha, mali hurudi mikononi mwa umma.

Mwanakandarasi wa kawaida hujenga, akalipwa, akaondoka. Mbia hukaa. Huenda gharama kamili ya uamuzi ikabainika baada ya miaka 20, aliyetia sahihi akiwa amekwisha kustaafu.

Sheria inasemaje?

Kenya ilitunga Sheria ya Ubia mwaka wa 2013, na mahali pake pakachukuliwa na sheria mpya ya mwaka wa 2021. Tanzania ilitunga yake mwaka wa 2010, na Uganda mwaka wa 2015.

Nchini Kenya, Kurugenzi ya Ubia iliyo chini ya Hazina ya Kitaifa ndiyo huongoza shughuli hizi. Kaunti pia zinaruhusiwa kuingia ubia, mradi zipate idhini ya mabunge yao.

Sheria vilevile inakubali mapendekezo ambayo mwekezaji huleta mwenyewe bila kuitishwa zabuni. Pendekezo la aina hiyo ndilo lililozua mzozo mwaka wa 2024, kampuni ya Adani ya India ilipotaka kuendesha uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta kwa miaka 30. Rais William Ruto aliufuta mpango huo Novemba 21, 2024.

Yanayofundishwa

Mwaka wa 2012 Benki ya Dunia iliidhinisha mradi wa dola milioni 40 kuisaidia Kenya kujenga uwezo wa kuandaa miradi ya ubia. Kipo pia cheti cha kimataifa kilichoasisiwa na benki kadhaa za maendeleo, chenye ngazi tatu: misingi, maandalizi na utekelezaji.

Somo la kwanza ni upembuzi yakinifu. Afisa hujifunza kuuliza iwapo mradi unahitajika, na kama ubia ni nafuu kuliko serikali kujenga yenyewe.

La pili ni mgawanyo wa hatari. Kanuni yake ni kwamba kila hatari ibebwe na anayeweza kuidhibiti vyema. Magari yakiwa machache kuliko ilivyokadiriwa, ni nani atakayepata hasara? Shilingi ikishuka je? Januari 2024 tozo za barabara ya juu ya Nairobi zilipandishwa kwa sababu hiyo ya mwisho, na mzigo ukamwangukia dereva.

Katika Tana River, mafuriko ni sehemu ya hesabu hiyo. Mradi wa mpunga wa Mamlaka ya Ustawi wa Mito ya Tana na Athi, TARDA, uliharibiwa na mvua za El Niño za mwaka wa 1997 na 1998. Mkataba usiotaja mto huacha hasara hiyo bila mwenyewe.

La tatu ni madeni yaliyojificha, yaani dhamana ambazo serikali hutoa na ambazo huibuka kuwa deni mambo yakiharibika. La nne ni usimamizi wa mkataba baada ya kutiwa sahihi.

Afrika Mashariki imejifunza somo hili la nne kwa machungu. Kampuni ya Rift Valley Railways ilikabidhiwa reli ya Kenya na Uganda mwaka wa 2006 kwa miaka 25, lakini Kenya ilivunja mkataba huo mwaka wa 2017. Jijini Dar es Salaam, mkataba wa maji wa kampuni ya City Water ulianza mwaka wa 2003 na kuvunjika mwaka wa 2005, kesi zikaendelea hadi mwaka wa 2008.

Funzo la Delta ya Tana

Lipo somo jingine ambalo halimo katika hesabu za fedha, nalo Garsen inalijua vyema. TARDA na kampuni ya sukari ya Mumias zilipanga kwa ubia kulima miwa katika hekta 20,000 za Delta na kujenga kiwanda.

Ardhi hiyo haikuwa tupu. Wapokomo huilima na kuvua samaki, huku Waorma na Wawardei wakiitegemea kwa malisho na maji wakati wa kiangazi. Mwaka wa 2008 Mahakama Kuu ya Malindi ilisimamisha mradi kwa muda. Mnamo Februari 2013, katika kesi nyingine ya wakazi, Mahakama Kuu iliagiza kuandaliwe mipango ya matumizi ya ardhi kwa kuwashirikisha wenyeji.

Kiwanda hakikujengwa, na mwaka wa 2019 Mumias yenyewe iliwekwa chini ya mrasimu. Mpango wa matumizi ya ardhi ya Delta ulizinduliwa mwaka wa 2015. Huo ndio unaopaswa kuwa kitabu cha kwanza cha afisa yeyote anayeleta mradi huku.

Maswali ya kuuliza barazani

Mafunzo yakiishia kwa wahasibu na wanasheria pekee, hayatatosha. Wabunge wa kaunti wanaoidhinisha miradi wanayahitaji, pamoja na maafisa wa ardhi na mifugo. Mwananchi naye, anapoitwa kutoa maoni, ana haki ya kuuliza:

- Ardhi itakayotumika ni ya nani, na nani anaitumia sasa?
- Mwekezaji atalipwa na nani, kwa muda gani?
- Malipo ni kwa shilingi au kwa sarafu ya kigeni?
- Serikali imetoa dhamana gani?
- Mto ukifurika, nani atagharimia ukarabati?
- Mkataba ukivunjwa kabla ya wakati, nani atamlipa nani?

Afisa asiyeweza kuyajibu maswali haya hajawa tayari kutia sahihi.