Onyo Lipo, Msikilizaji Yuko Wapi?

Majira ya baridi ya mwaka 1951 yaliiachia nchi ya Uswisi msiba usiosahaulika. Theluji ilianguka mfululizo siku kadhaa, ikarundikana juu ya milima ya Alps, kisha ikaporomoka na kufukia nyumba, mifugo na watu. Tarehe 20 Januari, katika mji mdogo wa Andermatt peke yake, walikufa watu 13. Majira yale yalipokwisha, Uswisi ilikuwa imepoteza watu 98.

Waswisi hawakukaa kitako na kulia. Tayari walikuwa na kituo cha kuchunguza theluji karibu na Davos, ambacho tangu mwaka 1945 kilikuwa kikitoa taarifa za hatari. Baada ya msiba waliweka vizuizi vya chuma milimani, wakapanda miti, wakachora ramani na kukataza ujenzi kwenye mapito ya theluji. Februari 1999 theluji nyingi ikarudi tena. Safari hii waliokufa walikuwa 17.

Je, kazi ikawa imekwisha? La hasha. Siku hizi wengi wanaofukiwa si wanakijiji waliolala majumbani mwao. Ni watu waliopanda mlima kwa starehe, wakateleza kwa mbao zifungwazo miguuni, yaani skii, nje ya njia zilizokaguliwa. Theluji hulala kwa matabaka. Tabaka dhaifu likielemewa na tabaka zito, uzito wa mtu mmoja unatosha kulivunja, na mteremko mzima ukashuka. Katika vifo vya namna hii, karibu tisa kati ya kumi, aliyeiangusha theluji ni marehemu mwenyewe au mwenzake.

Si kwamba hawakuonywa. Tangu mwaka 1993 nchi za Ulaya hutangaza hatari kwa ngazi tano. Ngazi ya tano ikitangazwa, watu hukaa ndani. Nchini Uswisi wanaokufa wengi hufa katika ngazi ya tatu, ile ya katikati, ambayo humwachia mtu nafasi ya kujiambia kwamba leo si mbaya sana.

Serikali inaweza kuweka kizuizi juu ya kijiji. Haiwezi kukiweka mbele ya kila anayetamani mteremko mweupe. Wahenga wetu walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huko Alps, ndugu zangu, anayevunjika guu tu hushukuru Mungu.