Pamba, Kengele na Simu

Mara nyingi twasikia watu wakisema kwamba wazee wetu waliishi kwa utulivu, na kwamba sisi wa leo tumeharibiwa na haraka. Neno hilo tumelichunguza kidogo. Hapa kwetu Maniema ya kusini, huko Kasongo, Wamaza na Kabambare, utulivu haukupatikana bure wakati wowote.

Zamani siku ilianza jua lilipotoka, na watu walihesabu siku zao kwa soko. Lakini hata sokoni hapakuwa salama. Huko Nyangwe, kando ya mto Lualaba, tarehe 15 Julai 1871, watu wa wafanya biashara waliotoka pwani walipiga bunduki katikati ya soko, wakaua mamia ya watu, wengi wao wanawake. Livingstone alikuwapo, akayaandika aliyoyaona. Basi asituambie mtu kwamba zamani hapakuwa na hofu.

Baadaye wakaja watu wa kuhesabu siku za wengine. Mwaka 1911 reli ya Kindu mpaka Kongolo ilimalizika. Mwaka 1917 serikali ya Wabelgiji ikatoa sheria ya kilimo cha lazima, na Maniema ilikuwa kati ya nchi za kwanza kulimishwa pamba. Sheria ilidai siku 60 kila mwaka. Kwenye karatasi siku 60 ni chache; shambani ni jambo lingine. Pamba haingoji. Yataka palizi wakati ule ule mpunga na muhogo unapotaka mikono, na ikiisha kuchumwa yapasa kuichambua, kuianika, na kuichukua kichwani mpaka mahali pa kuuzia, ambapo bei haikupangwa na mkulima. Aliyekataa alikijua kifungo na mjeledi. Mwaka 1942, wakati wa vita kuu ya pili, siku hizo 60 zikafanywa 120. Theluthi nzima ya mwaka!

Je, watu hao walipumua wapi? Twaona walikuwa na vipande vidogo vya siku visivyokuwa vya pamba. Penye misheni, kengele ililia mara tatu, asubuhi, adhuhuri na jioni, kwa sala ya Malaika wa Bwana. Ndugu zetu Waislamu, ambao Kasongo ni wengi, waliitwa na mwadhini wao. Desturi hiyo ya kuikata siku ni ya kale sana: Mtakatifu Benedikto, katika karne ya sita, aliwapangia wamonaki wake saa za sala, saa za kazi na saa za kusoma, kazi isije ikameza yote. Dakika mbili za kengele hazikupunguza hata kikapu kimoja cha pamba, hilo twalijua. Lakini mtu aliweka jembe chini, akasimama wima.

Na sisi? Sheria ya pamba ilikuwa mbaya, lakini ilikuwa na hesabu: siku 60, halafu 120. Simu haina hesabu. Inalia usiku na mchana: habari za mapigano, ndugu wa Bukavu anayeomba fedha, karo ya watoto, mwenye pikipiki anayeuliza kama safari ipo, na picha za watu tusiowajua. Hakuna aliyetulazimisha kwa mjeledi. Tumeinunua wenyewe, na tunalipa kuitia umeme.

Tukiri kosa letu. Mwaka jana tuliitwa kusali na mzee mmoja aliyekuwa mgonjwa sana. Katikati ya sala simu ililia mfukoni, nasi tukaipokea. Ilikuwa ni habari ya bei ya mabati. Tuliporudi kitandani mzee alikuwa amegeuza uso ukutani, wala hakujibu tena sala. Alifariki siku ya tatu.

Tangu siku hiyo, kengele ya jioni ikilia, simu ya nyumbani kwetu inazimwa na kutiwa katika kikapu cha mpunga mpaka asubuhi. Wengine walinung'unika kwamba katekista hapatikani. Juzi usiku, saa nane, mtoto alikuja kwa miguu kutoka kijiji cha jirani, akabisha hodi mlangoni, maana nyanya yake alizidiwa. Tukavaa, tukafuatana naye.