Mabomba Yaliyotolewa Nje

Tarehe 26 Desemba 1962 theluji ilianza kuanguka Uingereza, na sehemu nyingi za nchi hazikuiona ardhi tena kwa zaidi ya miezi miwili. Katikati ya England, wastani wa joto la Januari 1963 ulikuwa nyuzi 2.1 chini ya sifuri. Bahari iliganda ufukweni Herne Bay. Asubuhi ya kwanza isiyo na jalidi mwaka ule ilikuja tarehe 6 Machi, na kufikia hapo familia nyingi zilikuwa zimechoshwa na kuchota maji kwa ndoo kwenye mabomba ya dharura mitaani. Majira ya baridi makali kama hayo England ilikuwa haijayaona tangu 1740, na simulizi nyingi huishia hapo: baridi ilizidi, mabomba yakaganda. Maelezo hayo hayaniridhishi. Chicago na Stockholm hupata baridi ya namna hiyo mara kwa mara, na vyoo vyake haviachi kufanya kazi. Nyumba za Waingereza zililemewa kwa sababu mabomba yake yalikuwa yametolewa nje ya kuta, kwa makusudi, miaka mingi kabla, na watu waliokuwa wakijaribu kuokoa maisha.

Watu hao waliogopa hewa. Katika karne ya 19 madaktari wengi waliamini kwamba harufu ya maji taka ndiyo inayobeba maradhi, na choo cha kuvuta maji, kilichoonekana kuwa maendeleo, kilikuwa kimeunganisha chumba cha kulala na mfereji wa taka wa mji mzima. Mabomba ya ndani yalikuwa ya risasi, yenye maungo ya kulehemu yaliyopasuka kimyakimya nyuma ya mbao. Mwaka 1871 Mwanamfalme Edward, mrithi wa Malkia Victoria, aliugua homa ya matumbo baada ya kukaa Londesborough Lodge, mjini Scarborough, akawa mahututi. Mgeni mwenzake, Earl wa Chesterfield, alifariki. Lawama ziliangukia mabomba ya nyumba ile. Kama mrithi wa ufalme hakusalimika na choo cha mwenyeji wake, nani angesalimika? Baada ya Sheria ya Afya ya Umma ya 1875, mabaraza ya miji yalitunga kanuni zilizoagiza choo kiwe kwenye ukuta wa nje, na bomba la taka litoboe ukuta, lishuke upande wa nje, na ncha yake ipande juu ya paa ili hewa mbaya ipae zake.

Msomaji anaweza kusema kwamba naitwisha hofu mzigo usio wake. Kwamba nyumba nyingi zilijengwa kabla ya vyoo vya ndani, na kuning'iniza bomba ukutani ni rahisi kuliko kuvunja sakafu. Kwa nyumba kongwe hilo ni kweli. Lakini nyumba mpya za miaka ya 1930, zilizochorwa na bafu zake tangu mwanzo, nazo zilivaa mabomba nje, na urahisi wa kukarabati hauwezi kueleza hilo; kanuni inaeleza. Wala siwezi kuwacheka waliozitunga. Kijidudu cha homa ya matumbo kilielezwa na mtafiti Eberth mwaka 1880, na ilidhihirika kuwa maji na chakula ndivyo vinavyokisambaza, si harufu. Hata hivyo, kuzitenga taka na vyumba vya kulala lilikuwa jambo jema. Kosa lao ni kupima hatari moja tu, katika nchi ambayo baridi yake ya kawaida huchezacheza karibu na sifuri na hivyo kuficha udhaifu kwa miaka mingi. Mwaka 1895 na tena 1947 baridi iliwakumbusha, na mabomba yakabaki pale pale. Nairobi au Dar es Salaam bomba la nje halina adui wa namna hiyo, Leeds linaye.

Tazama jinsi bomba la taka linavyoganda, maana kwa kawaida huwa tupu. Koki ya sinki ina raba iliyochakaa, inadondosha tone moja moja usiku kucha. Maji mengi yakimwagwa kwa mkupuo hupita kabla hayajapoa, lakini tone huteleza polepole kwenye chuma kilicho nje, likaganda, na la pili likaganda juu yake. Kufikia alfajiri tundu limeziba, na maji ya kunawia uso yanasimama sinkini. Ndiyo maana mafundi bomba wa Uingereza walisisitiza raba zibadilishwe kabla ya baridi. Marekani ushauri ni kinyume: usiku wa baridi kali acha koki idondoshe, kwa sababu huko kinachohofiwa ni bomba la maji safi. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na barafu huyasukuma maji yaliyobanwa kati yake na koki iliyofungwa mpaka bomba lipasuke. Koki inayodondosha huyapunguzia shinikizo. Mashauri yote mawili ni sahihi. Kinachoyatofautisha ni njia ambayo bomba lilipitishwa na fundi aliyekwisha kufa zamani.

Kanuni za Ujenzi za 1965 hatimaye ziliagiza mabomba ya taka ya majengo mapya yapite ndani. Somo lilidumu miaka arobaini tu. Aprili 2005 boila za kupasha nyumba joto zinazogeuza mvuke wa moshi wake kuwa maji zikawa lazima England na Wales, kwa nia njema kabisa ya kuokoa gesi. Boila hizo hutoa maji kidogokidogo, tone kwa tone, na katika nyumba nyingi kijibomba chembamba cha plastiki kikapitishwa ukutani kuyatoa nje. Desemba 2010 baridi ilirudi, vijibomba vikaziba, na boila zikajizima zenyewe wakati zilipohitajiwa zaidi. Mwenye nyumba aliyejua dawa yake alitoka nje na birika la maji ya uvuguvugu, si yanayochemka, akayamimina polepole juu ya plastiki, akianzia kwenye kona, mpaka aliposikia barafu ikiachia ndani.