Baridi Iliyodhaniwa Fedha: Ushuhuda wa Theluji ya Kilimanjaro

Huenda msomaji akastaajabu kuona habari za theluji zikiandikwa kutoka Bujora, mahali ambapo mtu aweza kuishi hata uzee bila ya kuona kitu cheupe kikishuka kutoka mawinguni isipokuwa mvua ya mawe. Lakini sababu ipo, nayo ni ya historia. Theluji ya Kilimanjaro, na ziwa kubwa la Nyanza ambalo maji yake yanapiga mawe ya Mwanza, mwendo mfupi tu kutoka hapa, viliingia katika ramani za Ulaya kwa njia moja: vinywa vya watu wa misafara na wenyeji wa bara. Na katika Bujora yenyewe, ambako Padri David Clement wa kutoka Kanada alianzisha makumbusho ya ngoma na vyombo vya watemi wa Usukuma, swali la namna ya kuyapima maneno ya wazee si geni.

Tarehe 11 Mei 1848 Johannes Rebmann, mmisionari wa Rabai karibu na Mombasa, alikuwa akiikaribia nchi ya Wachaga. Akaona weupe juu ya mlima mmoja, akaudhania kwanza kuwa wingu. Alipomwuliza kiongozi wake, yule mtu hakuwa na jina la kitu chenyewe. Alijibu kwa neno moja tu, yaani baridi. Rebmann, aliyezaliwa Ujerumani na kuijua theluji tangu utoto, alifahamu mara moja.

Yafaa tulitazame neno hili kwa makini, maana wako waliosema kwamba kiongozi yule alikuwa akikisia tu. Neno theluji latoka katika Kiarabu, na neno barafu latoka katika Kiajemi. Yote mawili yalifika kwetu kwa njia ya bahari, wala hayakuwa maneno ya kila siku kwa mtu wa msafara aliyezoea jua la nyika. Watu wa pwani walikuwa na hadithi yao kwamba juu ya mlima ule kuna fedha inayolindwa na mashetani. Aliyekiita kitu kile fedha alitoa habari za macho yake, kwa kuwa alikitazama kutoka mbali. Aliyekiita baridi alitoa habari za kile kinachompata mtu akikikaribia. Kwa maoni yangu jibu la pili ni ushuhuda ulio bora zaidi, ingawa halina jina ndani yake.

Katika safari zake za Uchaga Rebmann alisikia pia habari ya Rungua, mtawala wa Machame, baba yake Mamkinga. Yasemwa kwamba Rungua alituma kundi la watu wapande juu wakachunguze kitu kile cheupe. Wengi hawakurudi. Aliyerudi alikuwa ameharibika mikono na miguu, na watu wakasema ni kazi ya pepo wa mlima.

Habari hii ilipita katika vinywa kadhaa kabla ya kuandikwa, kwa hiyo hatuna budi kuichuja. Idadi ya watu na utaratibu wa safari vyaweza kuongezwa chumvi na kila msimulizi. Lakini jambo moja halichujiki: mikono na miguu. Mtunga hadithi wa nchi ya joto, akitaka kutisha, husema mtu amepofuka, au amekuwa bubu, au amemezwa na ardhi. Hana sababu ya kuchagua vidole. Baridi kali ndiyo ianzayo na vidole vya mikono na miguu, kwa kuwa damu huviacha ili iyahifadhi moyo na tumbo. Nyama huganda, kisha hufa. Kwa hiyo katika simulizi la Machame tunayo habari ya ajali ya wapandaji mlima katika theluji, iliyotokea kabla mgeni yeyote kutoka Ulaya hajafika huko. Wale watu walikwenda wamevaa mavazi ya shambani, wala hapakuwa na mtu wa kuwaonya.

Huko London, William Desborough Cooley, mtaalamu wa ramani ambaye hakupata kukanyaga Afrika Mashariki, aliikataa theluji hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1852. Kwake yeye haikuwezekana theluji kukaa karibu na ikweta. Wakati huo huo Rebmann na mwenzake Jakob Erhardt walikuwa wakikusanya habari za misafara, wakachora ramani iliyochapishwa mwaka 1856, yenye ziwa moja kubwa mno lenye umbo la konokono asiye na koa. Umbo lile lilikuwa kosa, maana maziwa matatu yalikuwa yameunganishwa kuwa moja. Hata hivyo ramani ile ilikuwa miongoni mwa sababu za kupelekwa kwa Burton na Speke mwaka 1857. Tarehe 3 Agosti 1858 Speke, akiwa pamoja na Sidi Mubarak Bombay, aliliona ziwa kutoka kilimani karibu na Mwanza. Ndivyo maneno ya wapagazi yalivyopata kusadikiwa kwa upande wa maji. Kwa upande wa theluji yaliendelea kubishiwa.

Mwaka 1862 Baron Karl Klaus von der Decken na Otto Kersten walipanda hata kufika yapata meta 4,280, na theluji ikaanguka usiku walipokuwa mlimani. Cooley aliposoma habari hiyo alifanya mzaha. Chama cha Jiografia cha London hakikumfuata. Kilimpa von der Decken nishani ya dhahabu. Mwaka 1871 Charles New, mmisionari, alifika penye theluji yenyewe na kuigusa, na mabishano yakafa.

Tangu hapo swali likawa jingine: je, theluji hii yapandikaje? Hans Meyer alijifunza jibu lake kwa taabu. Mwaka 1887 alizuiwa na ukuta wa barafu wa Kibo, akarudi kwa kukosa vyombo. Mwaka 1889 alirudi pamoja na Ludwig Purtscheller, mpandaji hodari wa milima ya Alpi, na katika kambi ya tambarare iliyo kati ya Kibo na Mawenzi wakamwacha Mwini Amani, mtu wa Pangani, alinde mahema. Tarehe 3 Oktoba walipanda wakichonga ngazi katika barafu, pigo kwa pigo. Lakini walikuwa wameanzia mbali mno. Walipofika juu jua lilikuwa limekwisha kuilainisha theluji, wakawa wanazama kila hatua, na baada ya kufika ukingo wa shimo la volkano iliwapasa kurudi. Ndipo walipofanya shauri la kulala juu zaidi, katika pango, wakaondoka usiku wakati barafu ilipokuwa ngumu, na tarehe 6 Oktoba wakafika kileleni. Kilele hicho sasa chaitwa Uhuru, meta 5,895.

Desturi ya leo ya kuondoka kambi ya Barafu usiku wa manane ina sababu hiyo hiyo. Katika Kilimanjaro hakuna majira ya baridi kama ya Ulaya, yenye kuanza mwezi fulani na kwisha mwezi fulani. Majira hubadilika kila siku: usiku kila kitu huganda, mchana hulegea. Katika milima ya Alpi theluji hurundikana tabaka juu ya tabaka muda wa miezi. Tabaka moja likiwa dhaifu, yote iliyo juu yake huteleza kwa pamoja na kuwafukiza watu. Maporomoko makubwa ya namna hiyo si hatari iliyo mbele katika mlima wetu, kwa kuwa theluji mpya haikai sana. Hatari yetu ni kipande cha barafu kukatika katika ukingo wake, na jiwe lililoshikwa na barafu kuachiliwa.

Tarehe 4 Januari 2006 mawe ya namna hiyo yaliporomoka katika njia ya magharibi ya Kibo, yakaua Wamarekani watatu. Njia ikafungwa kwa muda. Tusisahau kwamba barafu hiyo inapungua: mwaka 1912, Fritz Klute na Eduard Oehler walipofanya kazi mlimani, ilienea kilometa za mraba 11.4 hivi, mwaka 2011 ilikuwa 1.76. Mtu aweza kudhani kwamba barafu ikipungua hatari nayo hupungua. Sivyo, maana barafu ndiyo iliyokuwa gundi ya mawe yale.

Hapa mwanafunzi wa lugha ana kazi. Wapagazi wa mlima, ambao huitwa wagumu, hutumia neno barafu kwa vitu vingi: theluji mpya, ukuta mgumu wa zamani, utando juu ya mwamba asubuhi, na hata kile kiuzwacho katika vifuko mjini. Kamusi zetu zina neno sakitu, lifaalo kwa umande ulioganda, lakini ni wachache walitumiao. Wakonzo wa Ruwenzori wako mbele yetu: kwao theluji ina jina lake la asili, Nzururu, nalo ni jina la mmoja wa wakuu wa imani yao, hata mlima na harakati ya kisiasa ya mwaka 1962 vikaitwa kwa jina hilo. Kwa Kiswahili twaweza kuanza na maneno tuliyo nayo: theluji iwe ile iangukayo, barafu iwe ile iliyoshikamana, sakitu iwe utando wa asubuhi, na poromoko, neno ambalo mkulima wa Uchaga hulitumia kwa udongo wakati wa masika, liwe la theluji, la barafu na la mawe pia. Mgumu akipaza sauti gizani kwamba mbele kuna sakitu, mwenzake aliye nyuma hupunguza hatua. Akisema barafu tu, hajui kama ashike kamba au afunge koti.