Dawa Moja, Wagonjwa Mbalimbali

Mara nyingi tunasikia watu wakiulizana: "Mbona dawa hii ilimsaidia jirani, na mimi haikunifaa?" Wengine humshuku mganga, wengine humshuku hata jirani. Basi tutazame habari ya dawa za kupunguza kolesteroli, ndiyo mafuta yale ya damu yanayoweza kuziba mishipa ya moyo.

Mwaka 1971, huko Tokyo katika nchi ya Japani, Bwana Akira Endo alianza kutafuta dawa hiyo ndani ya kuvu. Alipima aina maelfu, na mwaka 1973 akaipata katika kuvu iliyoota juu ya mchele. Wakawapa panya: bure kabisa! Kidogo kazi yote itupwe. Lakini mwaka 1976 kuku watagao walipewa dawa ile, na kolesteroli yao ikapungua sana. Kumbe ini la panya likizuiwa kutengeneza kolesteroli huongeza nguvu ya kuitengeneza, na dawa inashindwa.

Mwaka 1978 mganga Akira Yamamoto wa Osaka alimpa dawa msichana wa miaka 18, aliyerithi ugonjwa huu kwa baba na kwa mama pia. Watu wa namna hiyo waweza kufa kwa moyo wangali vijana. Misuli yake ikalegea, ikawa lazima kupunguza kipimo. Lakini wagonjwa waliorithi kwa mzazi mmoja tu walipata nafuu njema: kolesteroli yao ilishuka kwa robo na zaidi.

Sababu yake ilikwisha kuonekana huko Dallas, Marekani. Waganga Michael Brown na Joseph Goldstein, waliopewa tuzo ya Nobel mwaka 1985, walivumbua kwamba ini lina milango ya kupokea kolesteroli kutoka katika damu. Dawa hulinyima ini kolesteroli yake, nalo hufungua milango zaidi ili kuivuta ile ya damuni. Aliyerithi kwa mzazi mmoja anayo nusu ya milango. Aliyerithi kwa wote wawili hana, au anayo michache mibovu. Asiye na mlango atafungua nini?

Na misuli je? Mwaka 2008 wataalamu wa Uingereza walionyesha kwamba watu wengine wamerithi udhaifu katika njia ipitishayo dawa kuingia inini. Dawa nyingi hubaki katika damu, na misuli ndiyo inayoumia.