Diotallevi: Asili na Uchache wa Jina Moja la Kitaliano

Siku moja, katika somo la sarufi, niliwataka wanafunzi wangu waeleze majina yao kwa Kiswahili sanifu. Hapa Burundi zoezi hili huwa jepesi na la kufurahisha, maana majina yetu mengi ya Kirundi ni sentensi kamili, zenye kitenzi na mtendaji wake. Kazi iliendelea vyema mpaka ilipofika zamu ya kijana aitwaye Harerimana. Alisimama akasema: "Maana ya jina langu ni, Mungu ndiye aleaye." Kabla hajaketi, sauti ilitoka nyuma ya darasa: "Kumbe wewe wazazi wako walikutupa!" Darasa zima likaangua kicheko. Kijana hakucheka. Alijibu kwa upole kuwa mama yake yupo, anauza ndagaa sokoni, na kwamba baba yake ndiye aliyempa jina hilo siku chache baada ya kuzaliwa.

Niliwanyamazisha kwa ukali, wala sikuwajibu kwa hoja, kwa kuwa siku hiyo sikuwa nayo. Hoja niliipata baadaye, tena mahali nisipopatarajia, katika riwaya ya mwandishi wa Kitaliano Umberto Eco niliyokuwa nikiisoma kwa tafsiri ya Kifaransa. Riwaya hiyo, iliyotolewa kwa Kitaliano mwaka 1988 kwa jina la *Il pendolo di Foucault*, ina wahusika wakuu watatu, na mmoja wao anaitwa Diotallevi. Rafiki yake humtania kuwa jina la namna hiyo ni la mtoto wa kuokotwa, kwa hiyo babu yake lazima alikuwa mtoto aliyeachwa, akapewa jina na karani wa mji. Nilipolichambua jina lile nikaona kuwa Mtaliano huyo wa riwayani na kijana wa darasani kwangu ni wajina, na kwamba kicheko kilichowapata ni kimoja. Tangu hapo nikaanza kulifuatilia.

Tuanze na sarufi, kwa kuwa ndiyo kazi yetu. Diotallevi ni maneno matatu yaliyounganishwa: *Dio*, yaani Mungu, *t'*, kifupi cha *ti*, yaani wewe unayetendewa, na *allevi*, hali ya kutaka ya kitenzi *allevare*, chenye maana ya kulea. Kitenzi hicho kinatokana na neno la Kilatini lililokuwa na maana ya kuinua juu, na Mtaliano wa leo hukitumia pia kwa kufuga mifugo. Kwa hiyo jina zima ni "Mungu akulee". Mwalimu wa Kiswahili ataona mara moja jinsi muundo huu unavyolingana na wetu: mtendaji hutangulia, mtendewa hukaa kabla ya shina, na irabu ya mwisho hubadilika ili kuonyesha kuwa jambo linaombwa, halijaelezwa kuwa limetokea. Tofauti yake na Harerimana iko hapo hapo. Jina la Kirundi haliombi, linatamka: alea Mungu, si mwingine. Kiambishi chake cha mwanzo *ha-* ni ndugu wa *pa-* yetu ya mahali, na kitenzi *kurera* ni ndugu wa *kulea*, ila Kiswahili kimeipoteza konsonanti ya pili ya shina. Mtaliano ameweka dua na Mrundi ameweka shahada, lakini wote wawili wamekutana kwenye kitenzi cha malezi.

Diotallevi hakuzaliwa peke yake. Ana ndugu wengi katika majina ya Italia ya zama za kati: Diotisalvi, "Mungu akuokoe", Diotaiuti, "Mungu akusaidie", Bonaventura, "bahati njema", Benvenuto, "umekaribishwa", Bencivenga, "na atujie kwa heri". Haya hayakuwa majina ya koo hapo mwanzo. Yalikuwa majina ya mtu mmoja mmoja, nayo yalikuwa matamko ya wazazi juu ya mtoto aliyezaliwa, katika nyakati ambazo watoto wengi hawakufika umri wa kutembea. Mzazi aliyemwita mwanawe "Mungu akulee" alikuwa akimwombea aishi. Sioni dalili yoyote ya kumtupa mtoto katika maneno hayo. Naona hofu ya kumpoteza.

Ushahidi wa umri wa majina haya upo wazi mjini Pisa. Jengo la ubatizo lililo mbele ya kanisa kuu la mji huo lilianza kujengwa katikati ya karne ya 12, na ndani yake mna maandishi yanayomtaja fundi aliyelibuni: Diotisalvi. Huyu alikuwa bwana mkubwa wa kazi yake, anayejulikana kwa jina hilo moja tu. Nitarudi kwake baada kidogo.

Hebu sasa tuwatazame watoto waliookotwa kwa hakika, maana historia yao ni nzito na haifai kupitwa mbio. Mjini Roma, Papa Innocent wa Tatu aliianzisha hospitali ya Santo Spirito mwishoni mwa karne ya 12, nayo ikaja kuwa kimbilio la watoto walioachwa. Mjini Firenze, chama cha wafanyabiashara wa hariri kiliagiza mwaka 1419 ijengwe nyumba ya kuwapokea watoto hao, na mchoro wake ukafanywa na Filippo Brunelleschi. Nyumba hiyo, Ospedale degli Innocenti, ilifunguliwa mwaka 1445, na mtoto wa kwanza kupokewa, msichana aliyeitwa Agata Smeralda, aliingizwa tarehe 5 Februari mwaka huo. Mjini Naples kulikuwa na nyumba ya Annunziata. Katika kuta za nyumba za aina hii mlitengenezwa pipa la mbao linalozunguka: mama aliweka mtoto upande wa nje, akalizungusha, na mtumishi wa ndani akampokea bila ya kumwona aliyemleta. Pipa la Naples lilifungwa mwaka 1875.

Mama wengi hawakuondoka hivi hivi. Walimvika mtoto nusu ya sarafu au ya medali iliyokatwa vipande viwili, nusu ya pili wakabaki nayo, ili ikitokea siku wakaweza kurudi, vipande vile viunganishwe na mtoto atambulikane. Nusu hizo zingali zimehifadhiwa Firenze, ndani ya makumbusho ya nyumba ile ile. Nakiri kuwa kila nikifikiria nusu ambazo hazikupata wenzake, hamu ya kuendelea na sarufi hunipungua.

Watoto hao walihitaji majina ya ukoo, na nyumba zilizowapokea ziliwapa kwa jumla. Naples waliitwa Esposito, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya "aliyewekwa nje". Roma na sehemu za jirani waliitwa Proietti, "waliotupwa". Firenze waliitwa Innocenti au Degl'Innocenti, kwa jina la nyumba yao. Milano wengi waliitwa Colombo, yaani njiwa, kwa sababu njiwa alikuwa nembo ya hospitali iliyowapokea. Hatimaye baadhi ya watawala waliona kuwa desturi hii inawapiga watoto chapa ya maisha, wakaikataza, na makarani wakaamriwa wabuni jina tofauti kwa kila mtoto. Hapo ndipo ubunifu wa makarani ulipoanza. Eco mwenyewe alisimulia kuwa babu yake alikuwa mtoto wa kuokotwa, na kwamba jina Eco huenda ni herufi za mwanzo za maneno ya Kilatini *ex caelis oblatus*, "aliyetolewa na mbingu". Yamkini ndiyo sababu alimpa mhusika wake jina lenye shaka ya namna hiyo.

Je, Diotallevi ni wa kundi hili? Rafiki yake wa riwayani alisema ndiyo. Mimi nasema kuwa jina lenyewe halithibitishi hivyo, na uchache wake unanisaidia.

Wataalamu wa majina nchini Italia wamekuwa na njia rahisi ya kupima wingi: kitabu cha simu. Emidio De Felice, aliyetoa kamusi ya majina ya koo za Italia mwaka 1978, alitoa mwaka 1980 hesabu ya majina hayo iliyotegemea orodha za wenye simu. Njia hiyo ina kasoro yake, kwani asiye na simu hahesabiwi, na nyumba ya watu kumi huhesabiwa kama mtu mmoja. Hata hivyo hutoa picha ya jumla. Esposito na Colombo ni miongoni mwa majina yenye watu wengi kabisa nchini, pamoja na Rossi, Russo, Ferrari na Bianchi. Ukiwa na nyumba inayopokea watoto kwa maelfu, karne baada ya karne, na wote ukawaita jina moja, jina hilo haliwezi kuwa adimu. Diotallevi, kwa upande wake, ni adimu. Wenye jina hilo hupatikana hasa katikati ya Italia: upande wa Rimini na jimbo la Marche, Umbria, na Lazio pamoja na mji wa Roma, ambao kama miji mikuu yote hukusanya watu wa kila upande. Nyayo hizi si za nyumba moja iliyogawa jina kwa jumla.

Uchache huo una sababu nyingine iliyo wazi zaidi. Rossi ni mtu mwenye nywele au ndevu nyekundu, na Ferrari ni mhunzi. Kila kijiji kilikuwa nao, kwa hiyo majina hayo yalianza mahali pengi kwa wakati mmoja bila ya wenyewe kuwa na undugu. Lakini ili ukoo uitwe Diotallevi, ilipasa kwanza awepo mtu mwenye jina hilo, kisha wazao wake wajulikane kwa jina la babu huyo, tena katika wakati ule ule majina ya koo yalipokuwa yakiganda. Kuganda huko kulikwenda polepole, na kukatiwa mhuri na Mtaguso wa Trento, uliokwisha mwaka 1563 na kuwataka mapadri waandike vitabu vya ubatizo na ndoa. Walakini kufikia wakati huo dua za wazazi zilikuwa zimekwisha kupitwa na desturi. Tangu karne ya 13 Wataliano walizidi kuwapa watoto majina ya watakatifu, akina Francesco, Antonio na Domenico. Kisima kikakauka, yakabaki maji yaliyokwisha kutekwa.

Hapa ndipo jina letu la Kirundi linapotoa mwanga. Harerimana ni jina la watu wengi sana, Burundi na Rwanda, na wingi huo hauonyeshi ukoo wowote. Kwa mila zetu mtoto hakurithi jina la baba. Alipewa lake mwenyewe. Wanaume wawili waitwao Harerimana wanaweza kuwa hawana babu mmoja hata ukirudi vizazi kumi. Sentensi ile ile imekuwa adimu kule kwa sababu imekuwa mali ya kurithiwa, na imekuwa nyingi huku kwa sababu bado wazazi huitamka upya.

Turudi kwa fundi wa Pisa. Jina lake, lililo pacha wa Diotallevi kwa muundo, lilichongwa katika jiwe miongo kadhaa kabla ya Papa Innocent kuianzisha hospitali yake Roma. Tena ukoo wa Diotallevi wa Rimini ulikuwa wa makabaila. Picha moja ya Raffaello, iliyochorwa mnamo 1504, inaitwa mpaka leo Madonna Diotallevi kwa kuwa ilikuwa mali yao kabla ya kununuliwa na kupelekwa Berlin katika karne ya 19, na huko ndiko iliko. Inamwonyesha Maria amempakata mwanawe, na Yohana mdogo ubavuni. Sisemi kuwa hakuna karani hata mmoja aliyempa mtoto wa kuokotwa jina hili. Maneno yake yanafaa mno, na karani mwenye huruma angeweza kuyachagua. Nasema tu kuwa anayelisoma jina na kudai amejua mzazi alifanya nini, anadai zaidi ya anachokijua.

Na madai ya namna hiyo yaliwaumiza watu. Kwa muda mrefu vyeti vya Italia vilitaja majina ya wazazi, na ambaye mzazi wake hakujulikana aliandikiwa herufi mbili, N.N., kifupi cha maneno ya Kilatini yenye maana ya "jina silijui". Aliyeomba kazi au aliyekwenda kuoa alibeba herufi hizo mkononi. Zilikoma kwa sheria ya tarehe 31 Oktoba 1955, iliyoondoa majina ya wazazi katika vyeti vya kawaida.

Niliporudi darasani niliandika ubaoni majina mawili, Diotallevi na Harerimana, nikawataka wanafunzi wayavunje vipande kabla sijawaambia lolote. Walikivunja kile cha Kirundi haraka, na cha Kitaliano kwa msaada wa Kifaransa chao. Aliyetoa ule mzaha ndiye aliyegundua kwanza kuwa moja lina *-i* ya kuomba na jingine lina *-a* ya kutamka. Harerimana alinyamaza mpaka kengele ilipolia. Kisha akauliza kama yule Mtaliano naye walimcheka. Nikamwambia ndiyo, tena aliyemcheka alikuwa rafiki yake.