Ua la Usambara: Safari ya Mbegu Kutoka Tanga

Katika nyumba nyingi za Ulaya na Marekani utaona dirishani chungu kidogo chenye ua la rangi ya urujuani, na majani yake yana manyoya laini. Huenda mwenye nyumba amelipanda mwenyewe kwa mbegu, wala hajui kwamba asili yake ni kwetu, katika misitu ya Tanga na Usambara. Basi leo tueleze lilivyofika huko.

Mwaka 1884 Sir John Kirk, konseli wa Kiingereza Unguja, alipeleka mmea huu katika bustani ya Kew, karibu na London. Mwaka 1887 akapeleka mwingine mmisionari W. E. Taylor, yule aliyehifadhi mashairi ya Muyaka wa Mombasa. Lakini mimea hiyo haikufika katika hali ya kuwatosha wataalamu, nao hawakuipa jina.

Mwaka 1892 Walter von Saint Paul, Mjerumani aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Tanga, aliukuta ukiota katika miamba yenye kivuli, akampelekea baba yake Ujerumani. Baba akampa Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya Herrenhausen mjini Hannover, naye mwaka 1893 akauita Saintpaulia. Jina likawa la mpelekaji, ingawa wenyeji walikuwa wakiuona mmea huo tangu zamani.

Kisha ikaanza biashara ya mbegu. Katika miaka ya 1920 wakulima wa maua Armacost na Royston, wa Los Angeles, waliagiza mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza, wakaotesha miche, wakachagua aina kumi zilizo bora. Aina nyingi mno zilizopandwa baadaye zina asili katika hizo.

Pengine utauliza, mbegu hizi hupandwaje? Ni ndogo kama vumbi, wala hazina akiba kubwa ya chakula. Kwa hiyo hazifukiwi. Hunyunyizwa juu ya udongo mwepesi wenye unyevu, chombo kikafunikwa kwa kioo, kikawekwa penye mwanga lakini si penye jua kali. Maji hutiwa katika sahani chini ya chombo, yasije yakazisomba. Baada ya wiki mbili mpaka nne huchipua.

Sasa fikiri jambo hili. Maua ya madirishani ni mamilioni, lakini aina kadhaa za porini hukaa katika vipande vidogo tu vya msitu. Mti ukikatwa, jua hupiga mwamba, unyevu hukauka, na mmea hufa. Aina ya porini ikiisha, mkulima wa maua hana tena mahali pa kupata damu mpya, na sisi tumepoteza mali ambayo hatujaanza kufaidi. Msitu wa Amani ulifanywa hifadhi mwaka 1997, lakini si kila mwamba wenye ua hili umo ndani ya hifadhi.

Maswali ya kuzungumza katika kundi lenu:

1. Kwenu kuna mimea gani ya porini ambayo wageni huitafuta?
2. Nani anajua majina yake ya kienyeji, na je, yameandikwa?
3. Mbegu ikitoka kijijini ikaleta fedha mbali, kijiji kidai nini?